Furu Katika Sanduku la Kioo

Mwenye kufuga samaki wadogo nyumbani, katika sanduku la kioo, aghalabu hutafuta burudani ya macho. Furu wa Ziwa Viktoria walitiwa humo kwa sababu nzito zaidi. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 ili wavuvi wapate samaki mkubwa. Katika miaka ya 1980 akaongezeka mno, akawala furu, na aina zikadiriwazo kuwa 200 zikatoweka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, waliowachunguza furu wa Ghuba ya Mwanza tangu 1977, waliwafuga baadhi yao huko kwao. Baadaye bustani za wanyama na wafugaji wa nyumbani wakaishika kazi hiyo. Furu jike hulea mayai kinywani, hivyo uzao hupatikana hata mahali padogo.

Lakini kioo kina mpaka wake. Utafiti uliotangazwa mwaka 1997 ulionyesha kwamba jike humchagua dume kwa rangi, na maji yaliyochafuka humzuia kuitambua, hata aina zikachanganyika. Basi mfugaji aweza kuhifadhi uzao, wala hawezi kuhifadhi ziwa. Samaki asiye na pa kurudi hajaokoka, amebaki mateka.