Jina la data: Jinsi programu zinavyotunza na kupata taarifa za pamoja

Herufi moja ikikosewa katika jina la data, programu ya kompyuta inaweza kumwonyesha mnunuzi bei ya jana, au isimwonyeshe bei yoyote. Kwa nini jina lina uzito kiasi hicho?

Jina ni ufunguo

Taarifa inayotumiwa na programu kadhaa huwekwa mahali pa pamoja na kupewa jina la maandishi. Programu moja huandika thamani chini ya jina hilo. Nyingine hulitaja na kupewa thamani hiyo. Mara nyingi kompyuta haipekui orodha nzima, bali hulifanyia jina hesabu inayotoa namba ya mahali taarifa ilipo. Redis, iliyotolewa mwaka 2009 na Salvatore Sanfilippo wa Italia, ni mojawapo ya hifadhi mashuhuri za aina hii.

Mfano wa Nakasero

Tuchukulie kuwa programu moja inarekodi bei katika soko la Nakasero, mjini Kampala, na nyingine inazipeleka kwenye simu za wanunuzi. Ya kwanza ikitumia neno la Kiganda, "ennyaanya", na ya pili la Kiswahili, "nyanya", kwa mchuuzi ni kitu kimoja. Kwa kompyuta ni vitu viwili. Hata "Nyanya" na "nyanya" kwa kawaida hutofautishwa. Aghalabu onyo halitolewi: bei mpya huandikwa kwenye jina moja, huku mnunuzi akisomewa jingine.

Jina moja, masoko mawili

Soko la Owino nalo likiandika "nyanya" katika hifadhi hiyohiyo, bei yake huifuta ya Nakasero. Dawa ni kutanguliza jina la soko: "nakasero:nyanya" na "owino:nyanya".

Wakiandika kwa pamoja

Hata jina sahihi halitoshi. Ikiwa kuna matenga 10 na programu mbili zikasoma idadi hiyo kwa wakati mmoja, kila moja ikauza tenga 1, zote zitaandika 9, ilhali yamebaki 8. Kwa hiyo hutumiwa amri moja ya kupunguza, isiyoweza kuingiliwa katikati.

Kinachoshauriwa

Kabla ya kuandika programu, wahusika wakubaliane juu ya orodha moja ya majina: lugha, tahajia, na nani ana ruhusa ya kubadilisha thamani. Pia programu itoe taarifa ya kosa pale jina linapokosekana, badala ya kunyamaza.