Magari ya Rimoti ya Miambani na Mafundi Walioyazaa

Gari la rimoti la mbio za miambani ni gari dogo, mara nyingi la ukubwa wa moja ya kumi ya gari halisi, linalotakiwa kukimbia kwenye mchanga wa jangwa na wakati huohuo kupanda majabali. Kazi hizo mbili haziafikiani. Mbio zinataka wepesi, shokapu laini na magurudumu ya mbele yanayocheza kila moja kivyake. Kupanda mawe kunataka nguvu ya polepole, difu iliyofungwa na uzito unaokaa chini. Ndiyo maana gari hili halikuchorwa kwa mkupuo mmoja katika ofisi ya kiwanda. Lilipatikana kidogo kidogo katika muda wa miaka 40 hivi, na mageuzi yake mengi yalianzia kwa wenye magari, mezani penye bisibisi na tupa, kabla viwanda havijayachukua na kuyauza yakiwa tayari.

Kuongoza chombo kwa mawimbi ya redio ni jambo la zamani: mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mashua ndogo ya namna hiyo jijini New York. Magari ya kuuzwa madukani yalichelewa hadi miaka ya 1960, nayo yalikuwa ya mahali tambarare. Hata Tamiya ya Shizuoka, Japani, kampuni iliyoanza mwaka 1946 kwa biashara ya mbao, ilipotoa Porsche 934 ya rimoti mwaka 1976, gari hilo lilikuwa la lami tupu. Jiwe dogo lilitosha kulikwamisha.

Mchanga uliingia mwaka 1979, Tamiya ilipotoa Rough Rider na Sand Scorcher, kwa mfano wa magari ya Volkswagen yaliyokuwa yakikatwa bodi na kukimbizwa katika majangwa ya California na Baja. Mikono yake ya magurudumu ilikuwa ya chuma cha kumimina, shokapu zilikuwa na mafuta, na vifaa vya redio viliwekwa ndani ya kisanduku kilichozibwa ili maji na vumbi visipenye. Kisanduku hicho kilikuwa ulinzi mzuri na kero kubwa kwa fundi: ili kugusa waya mmoja, ilibidi kufungua skrubu zote na kuchunga mpira wa kuzibia usipinde. Gari lenyewe lilikuwa zito, na chuma kile kilipogonga jiwe hakikurudi nyuma. Kilipinda au kilikatika.

Mwaka 1981 kampuni hiyohiyo ilitoa Toyota Hilux ya rimoti, gari ambalo kwa msomaji wa Afrika Mashariki halihitaji utambulisho. Ilikuwa foowili, yenye giaboksi ya gia tatu na springi za mabapa kama za gari halisi. Ilikuwa ghali, na haikuwa ya mbio. Hata hivyo ndani yake tayari mlikuwa na nusu moja ya gari la miambani: ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili, na gia ya kutembea polepole kwa nguvu. Nusu ya pili, yaani kasi, ilikuwa ikitengenezwa kwingine.

Kilichoufanya ufundi huu uwe wa watu wengi ni magari ya bei nafuu. Grasshopper na Hornet, zote za mwaka 1984, ziliuzwa zikiwa vipandevipande, na mnunuzi aliunga mwenyewe. Aliyeunga gari kwa mkono wake alijua pia kulifungua, na hapo ndipo mazoea ya kurekebisha yalipoota mizizi. Chasisi ya magari hayo ilikuwa beseni la plastiki. Mota na giaboksi vilipanda na kushuka pamoja na ekseli ya nyuma, na mbele kulikuwa na springi tupu zisizo na mafuta, kwa hiyo gari lilidundadunda kwenye kila tuta. Marekebisho ya kwanza yalikuwa karibu yaleyale kila mahali: kutoa bushi za plastiki na kutia beringi, kufunga shokapu za mafuta, na katika Grasshopper kung'oa mota ndogo ya aina ya 380 na kupachika ya 540 iliyokuja na Hornet.

Mwaka huohuo wa 1984 kampuni ya Team Associated ya California ilitoa RC10. Chasisi yake ilikuwa ya aluminiamu yenye rangi ya dhahabu, lakini jambo kubwa zaidi lilikuwa mikono mirefu ya nailoni. Nailoni hujipinda inapogongwa kisha hurudi mahali pake, jambo ambalo chuma cha miaka mitano nyuma kilishindwa. Mwaka 1985 gari hilo lilichukua ubingwa wa dunia wa kwanza wa magari ya namna hiyo yanayosukumwa na magurudumu mawili, Del Mar, California. Tangu hapo plastiki ngumu haikuchukuliwa tena kuwa alama ya kitu duni, na somo hilo lingali likisahauliwa na wanaojaza gari lao vipuri vya aluminiamu ving'aavyo, kisha wanashangaa kuona vinapinda.

Umeme wa wakati huo ulikuwa na taabu zake. Kasi ilidhibitiwa na mkono mdogo uliosukumwa na servo, yaani kimota kinachotii rimoti, juu ya vipande vya shaba, na umeme uliozidi uligeuzwa kuwa joto ndani ya rizista. Kwenye mwendo wa polepole rizista hiyo iliwaka moto hadi kuyeyusha plastiki iliyo karibu, kwa hiyo kutambaa juu ya mawe kwa muda mrefu ilikuwa njia ya uhakika ya kuunguza gari. Vidhibiti vya kielektroniki vilipoenea, tatizo hilo liliisha. Mota nazo zilikuwa za kaboni. Kaboni zililika, na shaba zilizosuguana nazo zilichimbika, ikabidi mota ifunguliwe, shaba zisawazishwe kwenye mashine ndogo ya kukereza, na kaboni mpya zitiwe. Waya ulisukwa kwa mizunguko mingi au michache: mizunguko 27 ilitoa mota ya upole, na kadiri ilivyopungua ndivyo gari lilivyokimbia na betri ilivyokwisha upesi.

Gari lililofungua njia ya miambani halikutengenezwa kwa ajili ya miamba. Clod Buster ya Tamiya, ya mwaka 1987, ilikuwa mfano wa malori ya maonyesho ya Marekani yenye matairi makubwa kuliko mlango. Ilikuwa na mota mbili, moja juu ya kila ekseli, na magurudumu yote manne yaligeuka. Mpangilio huo ulikuwa zawadi kwa fundi wa nyumbani. Kwa kuwa kila ekseli ilijitegemea na hapakuwa na propela shafti katikati, chasisi ya kiwandani iliweza kutupwa nzima, na mahali pake pakawekwa mabamba mawili ya aluminiamu yaliyokatwa kwa msumeno na fito nne za kushikilia kila ekseli. Servo ya usukani ilihamishwa kutoka kwenye chasisi hadi juu ya ekseli, maana viungo virefu vya awali vilifanya magurudumu yajigeuze yenyewe kila springi ilipobonyea. Difu zilifungwa kwa gundi ngumu au kwa kuunganisha gia zake ili magurudumu mawili yazunguke pamoja hata moja likining'inia hewani. Ndani ya rimu za mbele palitiwa vipande vya risasi, ili gari linapopanda jabali pua isiinuke na kulipindua chali.

Kwa njia hiyo mchezo wa kutambaa miambani ulikua kwa miaka mingi bila kiwanda kuutengenezea gari la kweli. Kampuni ya Axial ya California ilipotoa AX10 Scorpion mwaka 2007, iliuza kwa pamoja mambo ambayo mafundi walikuwa wameyajaribu kwa mikono: fito za kushikilia ekseli, difu iliyofungwa, gia za chini kabisa, na chasisi nyepesi isiyo na kitu cha kukwama.

Mwaka huohuo, katika Johnson Valley, jangwa la California lenye vijia vya mawe, zilianza mbio za magari halisi zinazoitwa King of the Hammers. Waendeshaji wanakimbia mchangani kwa kasi kubwa, kisha wanaingia makorongo ambamo gari hutambaa hatua kwa hatua. Watengenezaji wa magari ya rimoti waliona hapo mfano mpya. Axial ilitoa Wraith mwaka 2011, yenye fremu ya plastiki iliyofanana na mabomba yaliyochomelewa na ekseli nzima mbele na nyuma. Iliyakabili mawe vizuri, lakini kwenye mchanga wa makunyanzi iliruka ovyo, maana gurudumu moja likigonga tuta ekseli nzito nzima hutikisika. Twin Hammers ya Vaterra, ya mwaka 2013, na baada yake Yeti ya Axial, zilichagua njia ya kati: mbele kila gurudumu na mkono wake, nyuma ekseli nzima inayoshikwa na fito. Mpangilio huo ndio uliolipa gari la mbio za miambani umbo lake, na kwa gari linalotakiwa kufanya kazi mbili ndio ulio na mantiki zaidi.

Nguvu iliongezeka kwa kasi kuliko uimara. Betri ya zamani ya seli sita za nikeli ilitoa volti 7.2. Betri za lithiamu zilileta volti 7.4 kwa seli mbili na 11.1 kwa seli tatu, na mota zisizo na kaboni zilizimeza volti hizo bila kuchoka. Kilichochoka ni vyuma. Gari linaporuka na kutua huku mota imeachiwa moto wote, tairi hukamatwa na ardhi ghafla, na mshtuko wote unarudi kwenye krauni na pinioni ya nyuma. Fundi huitambua ajali hiyo kwa sikio: hushika propela shafti kwa vidole, huzungusha gurudumu taratibu, na akisikia mlio wa tik katika kila mzunguko anajua jino limekatika. Ekseli hufunguliwa, vipande vya jino huoshwa vyote hata kilicho kidogo kama chembe ya mchanga, na gia mpya hupangwa kwa washa nyembamba hadi zikutane bila kulegea wala kubana. Grisi hufuata, kisha skrubu zinazoingia kwenye chuma hutiwa gundi ya kuzuia zisilegee.

Kati ya mota na giaboksi, gia ya mota huwekwa nafasi kwa kubana kipande cha karatasi kati yake na gia kubwa, kisha karatasi huvutwa. Pale pia hukaa klachi ya kuteleza, nati yenye springi inayoruhusu mshtuko upotee kabla haujafika kwenye difu. Wengi huikaza mno wakitaka gari liondoke kwa kishindo. Shafti ikivunjika hununua ya chuma kigumu zaidi, kisha inavunjika gia, kisha bomba la ekseli linapinda, na gharama inapanda ngazi moja baada ya nyingine hadi nati ile ilegezwe.

Katika miaka ya 2010 printa za 3D zilifika majumbani, na vibao vya betri, vishikizo vya servo na hata fremu nzima vikaanza kuchapwa na wenye magari wenyewe, kama mabamba ya aluminiamu yalivyokatwa zamani kwa ajili ya Clod Buster. Viwanda navyo vilirudia magari ya zamani, Sand Scorcher mwaka 2010 na RC10 mwaka 2013, na hivyo vipuri vilivyokuwa vimekwisha vikapatikana tena. Kitu ambacho printa ya nyumbani haijakiweza ni gia za difu. Plastiki yake haivumilii mota ya seli tatu, na krauni na pinioni bado hununuliwa za chuma.