Kifandugu na Maumivu Yasiyoaminiwa

Mfupa mdogo ulio mwisho kabisa wa uti wa mgongo unaitwa kifandugu, na wapo wanaouita kitokono. Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kuukumbuka, mpaka aanguke ngazini au, akiwa mwanamke, mpaka ajifungue. Dada yangu aliukumbuka baada ya uzazi wake wa kwanza. Kwa miezi mitano alikaa kwa upande mmoja, mkono umeshika kiti. Alipouliza hospitalini alijibiwa kwamba maumivu ya mzazi huisha yenyewe. Jibu hilo ndilo lililonipeleka kwenye historia ya tiba, maana nilitaka kujua lilianzia wapi.

Mwaka 1844 Josiah Nott, daktari wa mji wa Mobile katika jimbo la Alabama, Marekani, alichapisha taarifa ya kuukata na kuuondoa mfupa huu kwa sababu ya maumivu. Etha, dawa ya usingizi, ilionyeshwa hadharani mjini Boston miaka miwili baadaye, na msomaji anaweza kukisia upasuaji ule ulivyokuwa. Nott huyu ndiye aliyeshirikiana na George Gliddon kuandika kitabu cha mwaka 1854 kilichodai kwamba jamii za wanadamu hazina asili moja, na watetezi wa utumwa wakakipokea kwa furaha. Sitaji jambo hili kwa bahati. Tiba ya wanawake katika karne ile ilikua mikononi mwa wanaume waliojipa mamlaka ya kuamua ni nani anaumia na ni kwa kiasi gani.

Jina la kitaalamu, koksidinia, lilikuja mwaka 1859 kutoka kwa James Young Simpson, profesa wa ukunga mjini Edinburgh. Hapa historia inakuwa na ukinzani unaonivutia. Simpson ndiye aliyeanza kuwapa wanawake wenye uchungu klorofomu mwaka 1847, akapingwa na waliosema kwamba uchungu ni agizo la Mungu. Ndiye pia aliyebuni, mwaka 1848, koleo la kuzalishia ambalo bado lina jina lake hospitalini. Naye ndiye aliyeyapa jina maumivu ambayo koleo linaweza kuyasababisha, kwa kuwa kichwa cha mtoto kikishuka husukuma kifandugu kwa nyuma, na kikivutwa kwa chuma msukumo huo huongezeka. Tiba yake ilikuwa kukata misuli na kano zilizoshika mfupa, na isipofaa, kuuondoa mfupa wenyewe.

Wagonjwa wengi waliopasuliwa baada ya hapo hawakupona. Badala ya kutilia shaka kisu, baadhi ya madaktari walimtilia shaka mgonjwa: mwanamke huyu ana histeria, mfupa wake ni mzima. Eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, haikumsaidia sana, kwa sababu alipigwa picha akiwa amelala au amesimama, na katika hali hizo kifandugu mara nyingi kilionekana kukaa mahali pake. Mwaka 1937 George Thiele wa Kansas City alielekeza macho kwenye misuli ya sakafu ya nyonga iliyokakamaa, akaikanda kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Mama zetu wa pwani, waliomkanda mzazi kwa maji ya moto katika siku arobaini, hawakulenga misuli hiyo, lakini angalau hawakumwambia kwamba haumwi.

Katika miaka ya 1990 Jean-Yves Maigne wa Paris alifanya jambo ambalo, likishasemwa, linaonekana jepesi mno: alimpiga mgonjwa eksirei akiwa amekaa, yaani katika hali ile ile inayomuumiza. Kwa baadhi yao mfupa ulionekana umeteguka, na kwa wengine ulicheza kupita kiasi. Ilichukua karibu miaka 100 tangu eksirei ipatikane hadi mtu kumwambia mwanamke, kaa, tuone. Baadaye, mwaka 2012, Maigne na wenzake walieleza habari za wanawake 57 walioumia baada ya kujifungua, na zaidi ya nusu yao walikuwa wamezalishwa kwa vyombo.

Kuna pia suala la kitanda. Mfaransa François Mauriceau, katika kitabu chake cha mwaka 1668, alipendekeza mwanamke azae akiwa amelala kitandani, na desturi hiyo ilienea hadi ikafika kwetu pamoja na hospitali za misheni na za serikali ya kikoloni. Bibi zetu wengi walizaa wakichuchumaa au wakipiga magoti. Sitaki kuitukuza zamani, maana mama aliyetokwa na damu nyingi kijijini alikufa. Lakini anayelala chali hukilalia kifandugu, na nafasi ya mfupa huo kurudi nyuma hupungua.

Katika kliniki ya wiki ya sita mtoto hupimwa uzito na kuchanjwa, wakati mama anangoja kwenye benchi la mbao. Dada yangu aliomba kusimama, akaambiwa asizibe njia. Mtaalamu wa fiziotherapia aliyemgusa mfupa kwa mara ya kwanza alimwona katika mwezi wa sita, akampa mto uliokatwa sehemu ya nyuma na mazoezi ya kulegeza nyonga. Nafuu ilikuja polepole. Katika uzazi wa pili aliomba kuzaa akiwa amelalia ubavu. Mkunga alishangaa kidogo, kisha akamkubalia.