Fundi Ugenini

Wahenga walisema, mcheza kwao hutuzwa. Fundi akiwa kwao hana haja ya kujieleza. Nyumba alizojenga humsemea, na wazee waliomwona akijifunza kazi wako hai kumshuhudia. Lakini akivuka bahari, mashahidi wake wote hubaki nyuma. Huko aendako neno lake ni neno tupu. Ni nani, basi, atakayejua kama mikono yake ina ufundi au haina? Swali hili ni la zamani, na katika nchi ambayo leo ni Kenya liliulizwa kwa ukali huko Tsavo mwaka 1898.

Kazi ya kujenga reli kutoka Mombasa ilianza mwaka 1896, na mwaka 1901 njia ilifika Kisumu. Kwa kazi hiyo waliletwa watu wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao wenyeji wa Punjab, kwa mikataba ya miaka 3. Wengi walikuwa vibarua wa kuchimba na kubeba. Wengine walikuwa mafundi: waashi, maseremala na wahunzi. Ufundi wao ulikuwa wa kurithishana, baba kwa mwana. Haukuwa na karatasi ya kuuthibitisha.

Njia ilipofika mto Tsavo, ilihitajiwa daraja la nguzo za mawe. Msimamizi wa kazi alikuwa mhandisi J. H. Patterson, ambaye watu humkumbuka zaidi kwa habari ya simba walao watu. Aliita waashi, na wengi wakajitokeza. Hapana ajabu: kibarua alilipwa rupia 12 kwa mwezi, na mwashi rupia 45, yaani karibu mara nne. Kazi ilipoanza ilidhihirika kwamba wengi hawakujua hata namna ya kushika patasi. Walikuwa vibarua waliojiita mafundi.

Patterson hakuwaomba vyeti, maana havikuwapo. Aliacha kulipa kwa mwezi, akalipa kwa kazi iliyokwisha. Alipanga malipo hata mwashi wa kweli aweze kupata rupia zake 45 na zaidi kidogo, na mdanganyifu apate kiasi cha kibarua. Jiwe likawa ndiyo mtihani. Wale wadanganyifu walikuwa wengi kuliko waashi wa kweli; wakawatisha wenzao wasichonge kupita kiasi fulani, ili mpango ule uvunjike. Uliposhindwa kuvunjika, walifanya njama ya kumwua msimamizi kule kwenye machimbo ya mawe. Njama haikufaulu, viongozi wake walikamatwa, wakahukumiwa Mombasa.

Habari hii, msomaji, tumeipata kwa kalamu ya Patterson mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1907. Vibarua hawakutuachia kitabu. Kwa hiyo yatupasa kuipima kwa haki. Uongo ni uongo, lakini mtu aliyeacha wazazi wake ng'ambo ya bahari kwa rupia 12, na usiku akalala akisikiliza simba, aliona mlango mmoja tu wa kuongeza kipato chake. Na aliyedhulumiwa zaidi hakuwa msimamizi. Alikuwa mwashi wa kweli, ambaye alitiliwa shaka kwa kosa la wengine, kisha akatishwa asionyeshe ujuzi wake.

Tangu siku hizo watu wametafuta njia iliyo bora. Kenya ina majaribio ya ufundi ya serikali yenye madaraja matatu: fundi huanza la tatu, akapanda hadi la kwanza, na hupewa cheti. Hata aliyejifunza kazi chini ya mwembe bila kuingia chuoni aweza kupimwa. Katika Afrika Mashariki, mapatano ya soko la pamoja yalianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na baadaye wahasibu, wasanifu wa majengo na wahandisi walipata mapatano ya kutambuana. Mwashi na seremala hawakuwamo katika mapatano hayo. Na mwaka 2021 Saudia ilianza mpango wa kuwapima mafundi wageni kwa maswali na kwa vitendo.

Hata hivyo cheti hakichongi jiwe. Kazi yake ni kumfungulia fundi mlango. Akiisha kuingia, mikono yake ndiyo itakayomweka au kumtoa. Wewe kijana unayetazamia kwenda mbali kutafuta riziki, jifunze kazi yako kwa ukamilifu, kubali kupimwa ungali kwenu, na ulitunze cheti chako kama utunzavyo jina lako. Usiseme ulijualo jambo usilolijua. Anayejipa ufundi asiokuwa nao hujidanganya mwenyewe kwanza, kisha humwachia shaka kila mwananchi mwenzake atakayefika pale baada yake.