Karata za Taroti na Kadi za Tafakuri

Taroti ni pakiti ya karata 78 iliyobuniwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15 kwa ajili ya mchezo. Karata 56 kati ya hizo zimegawanyika katika aina nne, na kila aina ina ree hadi kumi, kisha mtumishi, mpanda farasi, malkia na mfalme. Zilizobaki 22 ni picha zisizo na aina, kama vile Jua, Mnara, Kifo na Gurudumu la Bahati. Mezani, 21 kati ya picha hizo ni turufu na hula karata za aina zote. Moja tu, Mjinga, ina kanuni zake. Ufaransa na Austria watu huucheza mchezo huo hadi leo, bila kuagua chochote.

Aina nne za taroti ya Italia ni vikombe, sarafu, panga na magongo. Kiswahili kina majina yake tayari. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno yaliyotoka kwa Wareno, na kwao yana maana ya vikombe, dhahabu, panga na magongo. Mchezaji wa Mombasa au Zanzibar hushika karata yenye picha ya moyo na kuiita kopa, yaani kikombe. Kwa hiyo mfasiri anaweza kuandika “tano ya kopa” bila kubuni neno, mradi aeleze mapema kwamba picha yenyewe ni ya vikombe. Mjinga naye ametafsiriwa vyema. “Mpumbavu” ni tusi, ilhali mjinga, katika matumizi ya zamani ya pwani, ni pia mgeni ambaye bado hajazijua njia za mji, na kijana wa kwenye karata hiyo yuko mwanzoni mwa safari.

Ubashiri ulikuja baadaye sana. Mwaka 1781, Antoine Court de Gébelin aliandika mjini Paris kwamba taroti ni kitabu cha siri cha makuhani wa Misri ya kale. Hakuwa na ushahidi, na wakati huo maandishi ya Misri ya kale hayakuwa yamesomeka bado. Dai hilo lilienea hata hivyo, na kabla ya karne kwisha Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla, alikuwa akifundisha kubashiri kwa taroti. Badiliko kubwa zaidi lilitokea London mwaka 1909, pale Pamela Colman Smith alipochora taroti iliyoandaliwa na Arthur Edward Waite. Kabla yake, karata nyingi za namba zilionyesha vikombe vitano au panga nane tu. Smith alichora watu wakiwa katika jambo fulani, na kazi hiyo, ambayo sifa zake kwa muda mrefu zilimwendea Waite, ndiyo iliyofungua njia ya tafakuri.

Katika tano ya kopa, mtu aliyevaa joho jeusi ameinamisha kichwa mbele ya vikombe vitatu vilivyomwagika. Nyuma yake vimesimama viwili, naye havioni. Mbele kuna mto, daraja, na ng’ambo ya pili ngome. Anayetafakari huchanga karata, huchomoa moja, huifunua, kisha hujiuliza: ni nini kilichomwagika kwangu? Kipi kimesimama nami sijageuka kukitazama? Majibu huyaandika. Karata haijui lolote kumhusu. Picha humpa tu pa kuanzia, na kwa kuwa imetokea kwa bahati, humtoa katika mawazo aliyoyazoea.

Hatari ipo. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake maelezo ya tabia, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walikuwa wamepewa maneno yaleyale, na kwa wastani waliyapa alama 4.26 kati ya 5 kwa usahihi. Maneno ya jumla humwingia kila mtu, ndiyo maana swali linafaa kuliko tamko.

Kuziita karata za taroti “karata za ramli” ni kosa. Ramli ni elimu nyingine, yenye asili ya alama zichorwazo mchangani, na anayepiga ramli hutafuta habari za ghaibu. Vitenzi viwili vitenganishwe: kubashiri kwa taroti, na kutafakari kwa taroti. Hata hivyo, Waislamu na Wakristo wengi huikataa taroti kwa matumizi yote mawili kwa sababu ya historia yake ya uaguzi, na istilahi isitumiwe kuwafichia historia hiyo.

Zipo pia pakiti za kisasa zisizo na aina, turufu wala idadi maalumu. Kila mtunzi huamua picha na maneno yake. Hizo hazichezeki, hivyo jina karata haliziingii vizuri. “Kadi za tafakuri” linazifaa zaidi zinapotumiwa kujihoji. Zikitumiwa kutabiri, ziitwe wazi “kadi za ubashiri”.