Ukiukaji wa masharti ya parole

Ukiukaji wa masharti ya parole hutokea pale mfungwa aliyeachiwa amalizie kifungo chake uraiani anapovunja sharti alilopewa: kuripoti kwa afisa wa parole, kutohama bila ruhusa, kutotumia dawa za kulevya, kutotenda jinai nyingine. Ukiukaji huo hauongezi adhabu iliyotamkwa na mahakama. Linaloamuliwa ni kama siku alizokaa uraiani zihesabiwe kuwa kifungo alichotumikia, au zifutwe, arudi kulipa zote.

Jimbo la Texas, Marekani, linaonyesha uzito wa hesabu hiyo. Kwa kanuni inayotumika huko kwa parole zinazofutwa tangu Septemba 1, 2001, mtu hubaki na siku zake za uraiani ikiwa tu amekwisha kuvuka nusu ya muda uliobaki alipotoka gerezani. Tuchukue aliyefungwa miaka 12, akaachiwa baada ya miaka 4, anadaiwa 8. Hati ya kumkamata ikitolewa akiwa na miaka 3 na miezi 11 nje, yote inapotea, anarudi na deni la miaka 8 kamili. Kifungo cha miaka 12 kinakaribia kumalizika mwaka wa 16, isipokuwa bodi ya parole imwachie tena. Hati ikitolewa miezi miwili baadaye, anadaiwa miaka 3 na miezi 11 tu. Tarehe inayotazamwa ni ya kutolewa kwa hati, na siku anazotafutwa kabla ya kukamatwa hazihesabiwi. Waliofungwa kwa makosa kama mauaji hawana nafuu hiyo hata wakivuka nusu. Miezi miwili kuzaa tofauti ya miaka minne ni jambo gumu kulitetea, hasa kosa likiwa ni kutoripoti.

Katika parole ya serikali kuu ya Marekani kigezo ni aina ya kosa. Anayepatikana na hatia ya jinai mpya yenye adhabu ya kifungo hupoteza siku za uraiani. Aliyevunja masharti ya kawaida hubaki nazo, ila zile alizokuwa mafichoni. Parole hiyo iliondolewa kwa makosa yaliyotendwa kuanzia Novemba 1, 1987, lakini wapo wanaoendelea kuhesabiwa kwa kanuni zake. Mjini Washington, D.C., hadi 2009, kufutiwa parole kulimaanisha kupoteza siku zote za nje, liwe kosa dogo au kubwa.

Kabla ya kufutiwa, mtuhumiwa ana haki ya kusikilizwa. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua hivyo mwaka 1972 katika kesi ya Morrissey dhidi ya Brewer, iliyotoka Iowa: apewe tuhuma kwa maandishi, aonyeshwe ushahidi, ajitetee mbele ya chombo kisichoelemea upande wowote. Hata hivyo ushahidi unaotakiwa ni mwepesi kuliko wa kesi ya jinai, na ndiyo maana mtu huweza kurudishwa gerezani kwa tukio ambalo hajahukumiwa nalo mahakamani.

Jimbo la New York limechukua njia nyingine. Sheria iliyosainiwa Septemba 2021 imeweka kikomo cha siku 30 gerezani kwa makosa yasiyo ya jinai, na baadhi, kama kuchelewa kurudi nyumbani saa zilizopangwa, hayamrudishi mtu gerezani kabisa. Kila siku 30 za kutii masharti huwapunguzia wengi wa walio kwenye parole siku 30 za uangalizi.