Nembo ya Trinidad na Tobago

Nembo ya Trinidad na Tobago ni alama rasmi ya nchi ya visiwa viwili iliyopo kusini mwa Bahari ya Karibi, karibu na pwani ya Venezuela. Ilibuniwa na kamati iliyochagua alama za taifa wakati nchi ilipopata uhuru kutoka Uingereza tarehe 31 Agosti 1962. Miongoni mwa wanakamati alikuwemo msanii Carlisle Chang.

Ngao na washikaji wake

Ngao ina rangi za bendera: nyeusi, nyekundu na nyeupe. Sehemu ya juu ni nyeusi, nayo ina ndege wawili wa dhahabu wanaotazamana. Ni ndege wadogo mno wa Amerika wanaofyonza maji matamu ya maua huku wakielea hewani. Msomaji wa Afrika ya Mashariki anaweza kuwafananisha na chozi, ingawa si jamaa moja. Trinidad huitwa "nchi ya ndege hao" kwa sababu ina spishi zao nyingi.

Ngao inashikwa na ndege wawili wakubwa zaidi. Kushoto kwa mtazamaji yupo kwarara mwekundu, ndege wa Trinidad, anayelala kwa makundi katika mikoko ya Caroni. Wekundu wake hutokana na kaa na kamba anaowala. Kulia yupo kokriko wa Tobago, mwenye umbo kama la kuku. Wakulima wa Tobago hawampendi sana, kwa kuwa hula mazao yao.

Chini yao kuna visiwa vyenyewe, pamoja na vilele vitatu vinavyokumbusha jina Trinidad, yaani "Utatu" kwa Kihispania. Juu ya ngao kuna kofia ya chuma ya dhahabu, ambayo ni alama ya mfalme au malkia. Kofia hiyo ilibaki hata baada ya nchi kuwa jamhuri mwaka 1976. Mnazi wenye matunda ulio juu yake ulitoka katika mihuri ya kale ya koloni la Tobago, na mbele yake kuna usukani wa merikebu. Kaulimbiu ya Kiingereza yaweza kutafsiriwa: "Pamoja tunanuia, pamoja tunafanikiwa".

Merikebu tatu

Mjadala mkubwa ulihusu sehemu ya chini ya ngao. Tangu 1962 palikuwa na merikebu tatu za dhahabu za Kristoforo Kolumbus, aliyefika Trinidad tarehe 31 Julai 1498. Watu wengi wamezitaja kuwa Niña, Pinta na Santa María, lakini hilo si sahihi: Santa María ilivunjika kwenye pwani ya Haiti mwaka 1492, na Trinidad ilifikiwa katika safari ya tatu, kwa merikebu nyingine.

Kwa wenyeji wa asili, ujio huo ulileta utumwa, maradhi na kupotezwa kwa ardhi. Baadaye Waafrika waliletwa kama watumwa, na kuanzia 1845 Wahindi waliletwa kwa mikataba ya kazi mashambani. Waliotaka merikebu ziondolewe waliuliza kwa nini taifa huru limpe mkoloni nafasi katika ngao yake. Waliozitetea walisema historia haifutwi kwa kubadili picha.

Mwezi wa Agosti 2024 waziri mkuu Keith Rowley alitangaza kwamba merikebu zingeondolewa, na Januari 2025 bunge likapitisha sheria ya kuweka mahali pake stilipani ya dhahabu pamoja na fimbo zake mbili. Ala hiyo ilizaliwa Trinidad katika mitaa ya maskini, hasa ya Port of Spain. Serikali ya kikoloni ilizuia ngoma za Kiafrika katika miaka ya 1880, hivyo watu wakapiga mianzi, kisha vyuma na makopo, hata wakagundua kwamba kitako cha pipa la mafuta kikigongwa kwa ustadi hutoa sauti kamili za muziki. Stilipani ilikuwa imetangazwa kisheria kuwa ala ya taifa mwaka 2024.